Masale Mawili ya Mektrida

Jumapili ile walipomletea isale, Mektrida alikuwa barazani kwa Mama Salha, mtaa wa Majengo mjini, anapunguza kiuno cha suruali ya Mzungu fulani ambaye bila shaka alikula vizuri maisha yake yote. Suruali ilitoka kwenye robota la mitumba la Kiboriloni, na mteja aliyeinunua, fundi baiskeli mwembamba, angeweza kuingia humo yeye na mkewe na nafasi ikabaki. Hiyo ndiyo ilikuwa riziki ya Mektrida tangu ateremke mlimani. Ruksa ya biashara huria ilikuwa imefungua milango, nguo za Ulaya zikamiminika, na nguo za Ulaya hazimwenei mtu. Yeye na cherehani yake ya kukodi wakawa wanakula kwa kupunguza.

Aliposikia hodi aliinua macho akaona wazee watatu wamevaa makoti yao ya kanisani, na mbele yao Mzee Yakobo, baba mdogo wa mumewe Ambrosi. Yakobo alikuwa ameshika jani refu la kijani lililofungwa fundo. Mektrida akaanza kutoa pini mdomoni moja moja, taratibu, maana ni rahisi kumeza pini mtu akishtuka.

Mtu asiye wa mlimani ataliona jani hilo asilitazame mara mbili. Isale ni mmea wa mpakani tu, unaotenganisha kihamba cha huyu, shamba lake la nyumbani, na cha yule. Lakini Mchagga akikukosea, hata awe amekutendea jambo la kukutoa machozi, kisha akaja kwako ameshika isale, humkatalii. Msamaha unatoka, upende usipende. Wapo waliosamehe huku meno wameyakaza, ila wamesamehe. Kumkatalia mwenye isale ni kujitafutia laana, na laana haina rufaa.

"Shikamooni, wazee," alisema Mektrida akisimama.

"Marahaba, mama Evelyn." Yakobo hakukaa kwenye kigoda alichosogezewa. "Hatukuja kukaa. Ambrosi ametutuma. Anasema amekosa. Hili hapa."

Mektrida alilitazama lile jani. Hasira ilimpanda hadi masikioni, kwa sababu aliona mtego ulipotegwa. Kesi yake ya kudai talaka na mtoto ilikuwa inasikilizwa Jumatano. Miezi yote hiyo hawakukumbuka kuwa wamekosa, wamekuja kukumbuka Jumapili.

Akapokea kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na mama yake. "Nimemsamehe," akasema.

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Yakobo alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Aika mae, asante mama. Basi ya mahakamani yamekwisha. Funga vitu vyako, tutaleta gari likupandishe nyumbani."

"Yapi yaliyokwisha, baba?"

"Si umepokea isale?"

"Nimepokea. Nimemsamehe Ambrosi, na kofi alilonipiga sitamtajia tena kwa ubaya mpaka nife. Lakini isale hili halijaniambia nirudi. Wala halijaniambia nimwache mwanangu. Jumatano asubuhi nitakuwa mahakamani."

Chai iliyokuwa imekwisha kumiminwa walikataa kuinywa. Walipokata kona, Mama Salha, mwenye nyumba, ambaye alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya pazia na hakuona haja ya kujifanya hakusikia, alitoka akashika kiuno.

"Mwanangu," alisema, "wale wameleta jani au wameleta kufuli?"

Mektrida alicheka, halafu akalia kidogo, halafu akarudisha pini mdomoni. Mwenye suruali alikuwa anakuja kuichukua jioni.

Walioana kimila, yeye na Ambrosi. Mahari ilipelekwa Uru kwa wazazi wake, mbege, pombe ya ndizi, ikanywewa mpaka mitungi ikalia, na ndoa ya kanisani ikaahidiwa "tukishavuna kahawa." Kahawa ilivunwa, bei ikaanguka. Ikavunwa tena, ikaanguka zaidi. Ilifika mahali watu wa Kibosho, kwao Ambrosi, wakawa wanaing'oa mibuni ya babu zao wanapanda nyanya, na Ambrosi, ambaye hakuwa na subira ya nyanya, akaenda Mirerani kuchimba tanzaniti. Miaka ikapita akiwa mashimoni. Nyumbani Mektrida alibaki na mtoto wao mmoja, Evelyn, na mama mkwe wake, Odilia, na ng'ombe mmoja wa zizini anayekula kama wawili.

Odilia hakuwa mkwe wa kusimuliwa kwa ubaya. Alikuwa na ulimi mkali, lakini alimfundisha Mektrida kupika mtori usiokuwa na madonge, na alipojifungua kwa shida alimkanda mgongo usiku na mchana. Macho yake yalianza kufunga ukungu wakati Evelyn anajifunza kutembea. Ukungu ukazidi mwaka hadi mwaka, mpaka akawa anamtambua mtu kwa nyayo.

Halafu Ambrosi akapata jiwe. Jiwe moja tu, la buluu, lakini lilitosha kuuamsha wazimu wote uliokuwa ukimsubiri. Krismasi ile alipanda na gari dogo la mizigo, na kwenye kiti cha mbele amekaa dada wa Arusha mwenye kucha nyekundu. Mektrida akaambiwa ahamishe vitu vyake jikoni kwa mama, mgeni apate chumba. Alisema neno moja tu, "Sihami," akapigwa kofi mbele ya mama mkwe. Odilia hakuliona lile kofi. Alilisikia.

Asubuhi yake Mektrida aliondoka. Hakumuaga mtu. Alimshika Evelyn mkono, wakafika hadi kwenye masale ya mpakani, na hapo wakamkuta Yakobo ambaye alikwisha kunusa habari. Akamtoa mtoto mkononi mwake.

"Wewe nenda zako," alimwambia. "Mtoto ni wa ukoo."

Ukoo! Wiki ya pili Ambrosi na kucha zake nyekundu wakarudi Arusha. Yakobo akarudi kwenye mbege yake. Ukoo ulimpigania mtoto kwa nguvu zote, kisha ukamwachia kikongwe asiyeona. Basi Evelyn, mtoto wa miaka saba, akawa ndiye macho ya nyumba ile. Alimpeleka bibi msalani, alimpeleka kanisani, alichambua mawe kwenye maharage, na kwa sababu ng'ombe hajui habari za talaka, alichukua mundu akaenda kukata majani. Shule alikwenda pale majani yalipotosha.

Habari hizi Mektrida alizipata kwa kina mama wa Kibosho walioteremka sokoni Kiboriloni. Kila aliyesimulia aliongeza chumvi yake, na kila punje ilimwangukia kwenye kidonda. Ndipo akaenda baraza la usuluhishi la kata, maana aliambiwa mahakama haimpokei mtu wa ndoa ambaye hajapita huko kwanza. Barazani waliketi, wakajaribu kuwapatanisha, wakashindwa. Ambrosi alikaa anachezea funguo za gari. Mektrida, alipoulizwa mtoto ana shida gani huko aliko, alifoka mbele ya watu wote: "Yule bibi kipofu amemfanya mwanangu fimbo ya kutembelea!"

Maneno hayo yalipanda mlimani haraka kuliko basi. Jioni ile ile Odilia alikuwa ameyapata yote.

Jumatano mahakama ya mwanzo ilijaa. Kesi za ndoa zina watazamaji kuliko mpira. Hakimu alikuwa mama mfupi kutoka mikoa ya kusini, hana masihara, na kila upande wake ameketi mzee wa baraza. Mmoja wao alikuwa Mzee Filemon wa Machame, Mlutheri mwenye miwani iliyofungwa uzi, ambaye alionekana amesinzia.

Mektrida alieleza yake akiwa amesimama wima. Anaomba talaka, na anaomba akae na mtoto wake. Hakulia. Alikuwa ameapa hatalia humo ndani.

Ambrosi alipopewa nafasi alikana yote. Hakumpiga mtu. Hakumfukuza mtu. Mke aliondoka mwenyewe kwa tamaa ya mjini, akamwacha mtoto, na sasa anamtaka mtoto ili amtumikishe kwenye mitumba. Aliyasema hayo bila kupepesa. Kisha Yakobo akaomba aongeze neno kama shahidi, akasimama, akavuta koti.

"Mheshimiwa, hapa tunapoteza muda. Hawa watu wamekwisha kupatana. Jumapili mimi mwenyewe nilimpelekea huyu mama isale la mumewe, na alilipokea mbele ya mashahidi. Kwa mila zetu jambo hili limekufa."

"Isale ni nini?" aliuliza hakimu.

Mzee Filemon akafungua macho. Alimweleza hakimu kwa ufupi, kisha akavua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, akamgeukia Yakobo.

"Mzee mwenzangu, nisaidie. Sisi wa Machame huenda tunakosea. Isale hupelekwa na nani? Aliyekosa, au aliyekosewa?"

"Aliyekosa," alisema Yakobo.

"Na Jumapili ulilipeleka kwa niaba ya nani?"

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mpaka mbele. Hakimu aligonga meza, lakini hata yeye aliinama kidogo kuandika kwa muda mrefu kuliko kawaida. Ambrosi alitazama dari. Alikuwa ameapa kwa Biblia kwamba hakukosa lolote, na ukoo wake ulikuwa umebeba jani mpaka Majengo kukiri kwamba amekosa. Mkuki umewarudia.

Mektrida aliona ameshinda. Ndipo hakimu akasema, "La talaka naliona lilipo. La mtoto ni jingine. Sheria inaniambia niangalie kwanza faida ya mtoto, na huyu ana umri wa kusema lake." Akamchukua Evelyn, aliyekuwa ameletwa na Yakobo, akaingia naye kwenye chumba chake, mlango ukafungwa.

Hawakukawia. Hakimu alirudi akaketi.

"Nimemsikiliza. Mtoto anasema anampenda mama yake sana. Lakini anaomba akae kwa bibi yake, kwa sababu bibi haoni, na hana mtu." Akafunga faili. "Nitatoa uamuzi mwisho wa mwezi. Mwenye la kuongeza atalileta siku hiyo."

Pale nje Yakobo alipita karibu na Mektrida makusudi. "Umeona?" alisema. "Damu inajua kwao."

Evelyn alijichomoa akamkimbilia mama yake. "Mama, usinikasirikie. Nikiondoka bibi ataangukia motoni. Juzi alitaka kushika chungu cha moto." Mektrida alimshika kiganja, kikavu, kigumu kama cha mtu mzima, na kabla hajasema lolote mtoto akaitwa.

Alirudi Majengo. Mama Salha alimwekea chakula akakiangalia tu. Ilimuuma, tena sana, kukataliwa na mwanawe mwenyewe mbele ya hakimu, na kwa dakika kadhaa alimchukia Odilia kwa chuki safi isiyo na mchanganyiko. Alikaa kwenye cherehani ili mikono ipate kazi. Aliposhona mshono wa kwanza alikuwa bado analaani. Wa pili akaanza kufikiri. Alipomaliza mguu mmoja wa suruali alikuwa amekwisha kuelewa jambo ambalo lilikuwa mbele yake siku zote: alikuwa anapigana na Ambrosi, anapigana na Yakobo, anapigana na ukoo mzima hadi waliokufa, na wote hao hawakuwa wamemshika mtoto. Mtoto ameshikwa na huruma yake mwenyewe. Mtoto haondoki kwa mtu asiyeona.

"Mama Salha," aliita. "Mtoto wa jicho anatibika?"

"Anatibika. Shangazi yangu alitolewa pale hospitali kubwa. Sasa anaona mpaka yasiyomhusu."

Mektrida akakata uzi kwa meno. Maji alikwisha kuyavulia nguo.

Alhamisi alipanda Uru kwanza, kwa baba yake, akakata isale kwenye mpaka wa nyumbani kwao, akalifunga fundo. Kutoka hapo akavuka bonde kwa miguu hadi Kibosho. Jani lake alilishika mbele, wazi, kila aliyekutana naye njiani alione. Watu walimpisha. Hakuna anayemzuia mwenye isale, hata awe ni mke aliyemshitaki mumewe.

Odilia alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni pa jiko, uso ameuelekeza kwenye migomba. Evelyn hakuwepo. Saa za shule zilikuwa hazijaisha, lakini mundu nao haukuwepo nyuma ya mlango.

"Nyayo hizo nazijua," alisema Odilia kabla hajasalimiwa. "Umekuja kuniambia nini leo? Kipofu tayari ulishasema."

Mektrida alipiga magoti. Kwa kuwa mama hakuweza kuliona jani, alimshika mikono akamwekea humo. Vidole vya Odilia vilipapasa, vikafuata jani hadi kwenye fundo, vikatulia.

"Shikamoo mama. Nimekukosea. Nilikutukana mbele za watu, wewe uliyenikanda mgongo. Na niliondoka bila kukuaga, nikamwachia mtoto mzigo uliokuwa wangu. Nimekosa."

Kuku walipita kati yao.

"Mae," alisema Odilia mwishowe. "Ungekuja mikono mitupu ningekufukuza kwa fimbo. Nimekusamehe. Nilitamani nikatae, lakini nimesamehe." Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akarudi haraka kwenye ukali wake. "Haya, sema sasa. Unamtaka mtoto."

"Leo nakutaka wewe."

"Mimi? Kikongwe kama mimi unipeleke wapi?"

"Hospitali, mama. Wakutoe huo ukungu. Utalala kwangu Majengo mpaka upone. Evelyn atakuja nawe."

Odilia alicheka kicheko kibaya. "Ambrosi aliniahidi hivyo hivyo tangu aende Mirerani. Krismasi hii, Krismasi ile. Nimekwisha kuzoea. Halafu hao madaktari wanachoma kisu jichoni. Macho yangu Mungu ameyafunga."

"Na daktari naye kaletwa na nani?"

"Ukoo utasema umeniroga."

"Waseme. Kusema hakujawahi kuwachosha."

Hapo Odilia akawa anageuza lile jani mikononi. Alipouliza swali lake, aliuliza polepole. "Mektrida. Nikiona, utamchukua?"

Angeweza kudanganya. Uongo ulikuja mpaka kwenye ulimi, mtamu, wa kumtuliza mzee. Akaumeza.

"Ndiyo, mama. Sikufichi. Hakimu akinipa, nitamchukua. Asiponipa, basi angalau atakuwa anakaa na mtu anayeona."

Bibi alitikisa kichwa juu na chini. "Ungeniambia hapana nisingekwenda," alisema. "Nisaidie nisimame."

Evelyn aliporudi na majani, ng'ombe aliachiwa jirani, na usiku ule walilala Majengo wote watatu kitanda kimoja, miguu ya huyu kwenye mbavu za yule. Mama Salha alipika uji wa ulezi na kumsimulia Odilia habari za shangazi yake mpaka hofu ikageuka kuwa uchovu. Jicho moja lilipasuliwa kwa akiba ya cherehani, likafungwa bandeji nene, na Odilia alikaa barazani kama mgeni wa heshima, akisikiliza cherehani na kuwakosoa wapita njia kwa nyayo zao.

Siku ya kufunguliwa, nesi aliyafanya mambo bila haraka. Akatoa plasta, akatoa pamba, akamwambia asikodoe ghafla. Odilia alifumba, akafumbua. Sura ya kwanza aliyoiona ilikuwa ya Mektrida.

"Umekonda," alisema. "Na hiyo nywele umeifanyaje?"

Mektrida alicheka kwa sauti, kisha akasogea, Evelyn akabaki peke yake mbele ya bibi yake. Odilia alimtazama. Aliyemjua yeye alikuwa kitoto kinachoanza kutembea, chenye mashavu. Aliyesimama hapa alikuwa msichana mrefu mwenye shingo ndefu ya ukoo wao. Akampapasa uso kwa mazoea, halafu akakumbuka kwamba hahitaji tena kupapasa. Akamshika mikono, akaigeuza viganja juu.

"Hii nini?" akauliza.

"Mundu, bibi."

"Na hii?"

"Mundu."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo ni ya chungu. Siku ile nilipokuwahi usikishike."

"Si uliniambia hukuungua?"

Evelyn aliinua mabega. "Ulikuwa huoni, bibi."

Daktari alikuwa amekataza asilie, jicho lisije likaharibika, naye Odilia akajitahidi. Njia nzima ya kurudi Majengo hakuiachia ile mikono, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa anaongoza.

Mwisho wa mwezi, mahakama ilijaa kuliko mara ya kwanza, maana habari za isale zilikuwa zimefika hadi Sanya Juu. Odilia aliingia mwenyewe, hakushikwa na mtu, akapita kati ya mabenchi bila kugonga goti. Yakobo alimwona akainuka nusu.

"Shemeji! Nani amekuleta huku?"

"Macho yangu," alisema Odilia.

Alipoapishwa alimtazama kwanza Ambrosi, mwanawe, kwa muda, kama mtu anayetafuta sura aliyoizoea. Kisha akamgeukia hakimu.

"Mheshimiwa, mimi sikusoma. Huyu mtoto alikaa kwangu kwa kuwa nilikosa macho. Sasa jicho moja ninalo, na la pili limeahidiwa, na aliyeahidi safari hii namwamini. Jambo la kwanza nililofanya na jicho hili ni kuangalia mikono ya mjukuu wangu." Akanyoosha viganja vyake mbele ya hakimu. "Nilikuwa nawaambia watu ninamlea. Mimi ndiye niliyekuwa nalelewa. Na ananificha akiungua, nisisikitike. Mpe mama yake."

Yakobo alisimama. "Ukoo haujakaa kujadili jambo hili!"

"Ukoo ungekaa lini?" Odilia alimgeukia hata hakimu akasahau kumkataza. "Mtoto alipokuwa anakwenda kukata majani alfajiri, wewe ulikuwa upande wa pili wa mpaka. Macho yako ni mazima tangu uzaliwe. Uliona nini?"

Yakobo aliketi. Ambrosi aliweka funguo za gari mfukoni, akabaki anaangalia viatu vyake, na pengine aliona aibu. Tumpe heshima hiyo.

Hakimu alimwita Evelyn mbele, safari hii hapo hapo. "Mara ya kwanza uliniambia unataka kukaa kwa bibi. Bado unataka hivyo?"

Evelyn hakumjibu hakimu. Aligeuka kwa Odilia. "Bibi, unaona mpaka mlangoni?"

"Naona hadi nzi aliyetua kwenye kola ya baba yako."

Watu wote waligeuka kutazama kola ya Ambrosi. Nzi alikuwepo.

"Basi nitakaa na mama," alisema Evelyn.

Uamuzi ulisomwa mchana: talaka imetolewa, mtoto akae na mama yake na aende shule, baba alete matunzo, na likizo ziwe za bibi. Mektrida aliusikia wote akiwa amesimama wima. Alikuwa ameapa hatalia mle ndani, na hakulia. Alilia nje, ukutani, begani kwa mama mkwe ambaye kisheria hakuwa tena mama mkwe wake.

Shule zilipofungwa Desemba, Evelyn alipanda Kibosho kwa bibi yake. Alifika mapema, akamsalimia ng'ombe, akaona hori halina kitu. Bila kuambiwa na mtu alikwenda nyuma ya mlango wa jiko na kunyoosha mkono kuchukua mundu. Haukuwepo pale. Akatafuta chini ya kitanda, akatafuta darini, hola.

Aligeuka akamwona bibi anatoka kwenye migomba, mzigo wa majani kichwani, mundu kwapani, anakanyaga ardhi kama mtu anayejua kila jiwe lilipo.

"Keti," alisema Odilia. "Wewe mgeni hapa."

Evelyn akaketi kwenye kigoda cha bibi, mikono mitupu mapajani, hajui aifanyie nini. Odilia akautua mzigo, akaenda jikoni, akarudi na ndizi ya kuchoma, akamwekea kiganjani, akamwambia ale taratibu, bado ni ya moto.